Barua ya Daraja Niliyoificha Chini ya Godoro

Mie ni mjane wa miaka arobaini na saba, naishi Tandale, nauza chapati na maharage. Nimechoka kulibeba hili peke yangu, ndiyo maana nawaandikia...

Kati ya nyumba zetu na sokoni kuna mtaro mkubwa wa maji machafu. Juu yake kulikuwa na kidaraja cha mbao zilizooza, misumari imetokeza. Tulizoea kuvuka tumeshikana mikono. Binadamu unazoea hata hatari!

Aliyekataa kuzoea ni jirani yangu Mama Rehema, fundi cherehani. Mume wangu alipofariki, yeye ndiye aliyelala kwangu mpaka arobaini ikaisha. Aliandika barua ya kuomba daraja, akapita nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi. Wasiojua kuandika walitia dole gumba. Kwa kuwa alikuwa amebanwa na nguo za harusi za watu, akaniomba mie niipeleke ofisi ya serikali ya mtaa.

Nilifika, nikakaa kwenye benchi kusubiri. Wanaume wawili waliokaa karibu yangu walikuwa wanaongea. Mmoja akasema daraja likianza kujengwa, vibanda vyote vya pembeni mwa mtaro vitaondolewa kwanza. Changu cha chapati ndicho kilikuwa cha kwanza ukishuka darajani...

Sikumuuliza mtu yeyote kama ni kweli. Niliinuka, nikarudi nyumbani, nikaiweka barua chini ya godoro. Mama Rehema nikamwambia wameipokea, wanaishughulikia. Alinishukuru! Majirani walipotaka kuchangishana mbao wakitengeneze kidaraja wenyewe, yeye ndiye aliyewaambia wasubiri kidogo, daraja la maana linakuja. Nilikuwepo. Nilinyamaza.

Masika yakaja. Asubuhi moja alikuwa anavuka kumpelekea mteja gauni, ubao ukakatika. Nilikuwa nasukuma chapati, nikasikia kishindo, nikakimbia... Mguu wake wa kulia ulikuwa umebanwa kwenye mawe, mfupa nje, maji machafu yanapita juu ya kidonda. Siku chache baadaye madaktari waliukata chini ya goti.

Majirani walikwenda ofisini na hasira zao. Wakajibiwa hakuna barua iliyofika. Wakaja kwangu. Ningeweza kudanganya tena, lakini nguvu hiyo sikuwa nayo. Niliinua godoro mbele yao. Hakuna aliyenitukana. Waliichukua, wakatoka, na heri wangenipiga...

Kesho yake walianza kujenga wenyewe. Huyu kaleta saruji, yule nondo, fundi akafanya kazi bure. Siku nne tu! Nilibeba mchanga kichwani siku zote hizo. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyenisemesha. Na kibanda changu hakuna aliyekigusa.

Nilikwenda hospitali kuomba msamaha. Mama Rehema alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Ungeniambia tu kwamba unaogopa, mwenzangu. Ningeipeleka mwenyewe."

Akageukia ukutani. Nililia mpaka nesi akanitoa.

Siku hizi cherehani anaiendesha binti yake. Yeye anakata vitambaa tu, amekaa kitini. Mie nimemwomba msamaha mara ngapi? Nimeacha kuhesabu.

Ndugu wasomaji, ukiona shimo lililo wazi, waya unaoning'inia au ubao uliooza, usiseme wapo wa kushughulikia. Semeni, na msiposikilizwa, shikeni koleo. Na wenzako wakikutuma, fika! Kama moyo umekataa, rudi uwaambie umekataa. Aibu ya siku moja ingekuwa nini mbele ya hii?

Kila asubuhi nasikia magongo ya Mama Rehema yanagonga zege, anakwenda sokoni. Namsalimia. Anaitikia vizuri tu, kama anavyomwitikia mtu asiyemjua... na anapita.