Sikio la Mtoto wa Ramona

"Usigeuze kichwa," Mama mdogo Verna alisema. "Kaa hivyo hivyo."

Lowell alikuwa ameinama kwenye gati la kijiji, ameshika kreti ya kaa kwa ajili ya chakula cha wageni wetu. Akacheka.

"Vipi, Mama? Nina chawa?"

"Nimesema tulia."

Akamvua kofia ya sufu. Akaweka kidole mbele ya sikio lake la kushoto, penye kitundu kidogo, kama mtu aliyetaka kutoga sikio akakosea mahali. Nilikijua kitundu kile. Nilishakibusu mara nyingi.

"Hapa ulitogwa?"

"Hapana, nilizaliwa hivi."

"Wapi?"

"Seattle."

"Mama yako nani?"

"Simjui. Nimelelewa Nebraska, na wazungu. Walinichukua nikiwa mchanga."

Mama mdogo Verna akasogeza nywele zake nyeupe nyuma ya sikio. Naye alikuwa nacho. Kushoto, mahali pale pale.

Akaketi juu ya kreti, kaa wakigongana chini yake.

"Ee Bwana," akasema, kisha akamwita dada yake aliyekufa. "Ramona, njoo uone. Amekuja na meli."

Lowell akanitazama huku anatabasamu, macho yamejaa swali. Mimi nikashika nguzo ya gati. Nilikuwa nimeshaelewa, na yeye bado.

Naitwa Agrafena, jina la ubatizo la mama wa bibi yangu. Watu wananiita Fena. Mimi ni Mtlingiti, wa kabila la wenyeji wa pwani ya Alaska, na kila kiangazi huwatembeza wageni kwenye meli ndogo ya kifahari iitwayo Evangelina. Tunatoka Juneau, tunapita kwenye mikono ya bahari, misitu na kuta za barafu, halafu tunarudi. Wageni wanakunywa mvinyo ndani ya bafu la maji moto lililo kwenye sitaha. Mimi nashika kipaza sauti nikiwaonyesha nyangumi. Lowell Nygaard aliendesha boti ya mpira inayowashusha ufukweni.

Tulipendana kiangazi kilichopita, alipoanza kazi melini. Pete alinivisha kwenye chumba cha injini, kwa sababu ndiko pekee wageni hawafiki. Harusi ilikuwa iwe mwezi wa kumi, kanisani Juneau.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Koo zote ziko pande mbili: Kunguru anaoa Tai, Tai anaoa Kunguru. Mimi ni Kunguru. Lowell hakuwa na upande, basi Mzee Clarence wa upande wa Tai alishakubali kumwingiza ukooni kwake ili ndoa ikae vizuri.

"Asiye na upande hayupo," bibi yangu aliwahi kuniambia. "Yupo ambaye hajaulizwa vizuri."

Sikumuuliza vizuri. Niliona kutokuwa na watu kwake ni nafasi yangu. Lakini nilimhurumia, na kila jioni nilisimama mbele ya ikoni, picha takatifu ndogo iliyo juu ya kitanda changu, nikaomba ombi moja: Bwana, mpe Lowell watu wake.

Kesho yake meli ilipokaribia Petersburg, simu zikapata mtandao. Lowell, aliyekwisha kuambiwa na Verna kuhusu Ramona na mtoto aliyempoteza Seattle, akampigia mama aliyemlea, akafungua sauti ili nami nisikie.

"Mama, nataka jina la aliyenizaa."

"Lowell, haya tulishayaongea."

"Tuliyaongea ukasema hujui."

"Baba yako alikuwa hai. Aliogopa kukupoteza."

"Mama, jina."

Simu ikakatika. Tukasimama pale sitahani tukiitazama skrini. Baadaye ujumbe ukaingia:

"Ramona. Alitoka Alaska. Alitupigia ulipokuwa mdogo akikuulizia, tukabadilisha namba. Nisamehe mwanangu."

Lowell akausoma, akaurudia kwa sauti. Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Akaninyanyua juu kama gunia.

"Nina mama, Fena! Nina mama mdogo anauza kaa! Umemwona alivyonivua kofia? Hakuna mtu aliwahi kunivua kofia vile!"

"Niweke chini, Lowell."

"Wewe ulikuwa unaniombea. Mungu wako kasikia!"

"Niweke chini, tafadhali."

Akaniweka.

"Mbona hufurahi?"

"Mama mdogo Verna namwita mama mdogo kwa nini, unafikiri?"

"Si heshima tu? Hapa kila mtu ni mama mdogo."

"Ni wa ukoo wangu, Lowell. Na wa nyumba yangu. Ramona alikuwa mama yangu mkubwa."

"Kwa hiyo tuna ukoo mmoja. Vizuri! Harusi itakuwa ndogo, hatutatumia hela."

"Kwa hiyo mimi ni dada yako."

Kicheko kikamkatika. Bi. Loretta, mjane wa Texas mwenye kofia nyekundu, alikuwa anapita na kikombe chake cha supu.

"Nyie ndege wangu wawili!" akatuita. "Harusi lini? Mimi kofia nishanunua, msinitie hasara."

Akatutazama, akaondoka taratibu.

"Fena, damu yetu ilikutana lini? Kwa bibi wa bibi wa nani?"

"Hata kama ni miaka mia tatu."

"Huko Juneau wapo watu wa upande mmoja wameoana. Umeniambia mwenyewe."

"Upande mmoja, ndiyo, wapo. Watu wanasema mpaka wanachoka. Ukoo mmoja, nyumba moja, sijaona. Verna ndiye aliyenibeba siku ya ubatizo. Nitamwambia nini? Kwamba nalala na mtoto wa dada yake?"

"Ulishalala naye," alisema kwa uchungu.

"Nilikuwa sijui."

"Na sasa unajua, sikio langu limekuwa baya?"

Nilitaka kuliweka kiganjani sikio lile. Nikaificha mikono mfukoni.

Kesho yake, ukuta wa barafu ukiwa mbele yetu na wageni wote wakiwa na kamera, Mama mdogo Verna akanipigia.

"Mwanangu, umekula?"

"Bado, Mama."

"Nami sijala. Sikiliza. Mlango mmoja upo. Clarence akimchukua kabla sisi hatujamtaja mbele ya watu, atakuwa Tai. Mtaoana. Watu watasema kidogo, watachoka."

Moyo wangu ukaruka. "Kweli, Mama?"

"Kweli. Lakini mwezi wa kumi tunamaliza matanga ya Ramona. Tutasimama sisi watu wake, tutamlilia mara ya mwisho, tutawalisha Tai na kuwalipa kwa sababu ndio waliomzika. Lowell akiwa Tai atakaa kule ng'ambo. Tutamlisha. Tutamlipa kama wageni wengine. Hatasimama kumlilia mama yake."

Kipande cha barafu kikaanguka, wageni wakapiga makofi.

"Ungemwona Ramona siku za meli!" Verna akaendelea. "Kila meli ikija alikuwa anakwenda gatini kutazama masikio ya vijana. Watalii wakadhani ana kichaa. Nikamwambia, dada, utaaibika. Akasema, aibu ipi imebaki? Alikufa Januari ya mwaka jana, Fena, wakati hakuna meli."

"Amwambie nani, Mama? Mimi au wewe?"

"Wewe una mdomo wa kazi hiyo. Na mimi namtumia kitu kwenye simu."

Nikamwambia Lowell yote, kwenye ngazi ya nyuma, bila kupunguza. Alisikiliza akiwa ameshika kamba ya boti.

"Alikuwa anatazama masikio?"

"Ndiyo."

Akaifunga kamba, akaifungua tena.

"Nimeshaamua," akasema. "Naenda kwa Tai. Mama ameshakufa, Fena. Wewe uko hai. Sitaoa kaburi."

"Fikiri."

"Nimefikiri. Usinitazame hivyo. Nimekuchagua wewe, furahi basi!"

Nami nikafurahi. Mungu ananijua. Jioni ile sikusimama mbele ya ikoni, niliogopa kuulizwa. Nilipanga upya harusi kichwani, mayai ya samaki wa heringi, keki, Bi. Loretta na kofia yake.

Asubuhi nikashuka kumpelekea Lowell kahawa. Alikuwa anaosha boti ya mpira, mgongo kwangu, simu imeegemea ndoo. Ilikuwa inaimba. Sauti ya mwanamke, imekwaruza kidogo, wimbo wa ukoo wetu. Niliitambua mara moja. Mama mkubwa Ramona. Verna alikuwa amemrekodi jikoni, nyuma yake kijiko kikigonga sufuria.

Wimbo ukaisha. Lowell akafuta mkono kwenye suruali, akaurudisha mwanzo. Akajaribu kuufuata kwa mdomo. Maneno hakuyajua, aliyashika vibaya, akarudia.

"Lowell."

Akaizima haraka kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Ni redio," akasema.

"Sawa."

"Ni redio tu, Fena."

"Nimesema sawa. Kunywa kahawa, inapoa."

Nikapanda ngazi. Nikaingia choo cha wafanyakazi, nikafunga mlango, nikamwomba Mungu aniondolee nilichokiona. Hakuniondolea.

Jumamosi tulirudi kijijini kwa Verna. Wageni huvalishwa mablanketi, hushushwa kwa boti, hupelekwa nyumba ya ukoo kutazama ngoma. Mimi nasimama katikati na kipaza sauti. Verna anacheza mbele, na Mzee Clarence hukaa ng'ambo na wazee wa Tai.

Kwenye boti, nikafanya mzaha wangu wa kila wiki, kwa mazoea tu.

"Zamani kwetu, dada mtu mzima haongei na kaka yake uso kwa uso. Ni heshima. Akitaka kumwambia chakula tayari, anamwambia paka. Kaka anasikia."

Wageni wakacheka. Bi. Loretta akauliza, "Na kama hakuna paka?"

"Anatafuta mgeni."

Lowell hakucheka. Alikuwa anatazama maji.

Ndani ya nyumba, ngoma zilipotulia, Mzee Clarence akainua mkono.

"Binti, leo nina neno la kusema kuhusu kijana wenu wa boti."

Nilijua neno lenyewe. Lowell alimpigia jana yake, akamwomba amtaje kuwa Tai leo leo, mbele ya watu, biashara iishe. Alikuwa amesimama mlangoni pamoja na wageni, amechana nywele, amevaa shati jeupe. Aliniona ninamtazama, akanikonyeza. Alikuwa bwana harusi tayari.

"Babu," nikasema kwenye kipaza sauti, "niwie radhi. Nitangulie kidogo."

"Haya, tangulia."

Nikajitambulisha kama bibi alivyonifundisha. Jina langu, upande wangu, ukoo wangu, nyumba yangu, mama yangu na mama wa mama yangu. Sauti ilikuwa inatoka sawasawa, ni kazi yangu. Kisha nikanyoosha mkono.

"Na yule pale mlangoni si mgeni. Ni Kunguru. Ni mtoto wa mama yangu mkubwa Ramona, aliyekuwa anamtafuta gatini. Ni kaka yangu."

Mzee Clarence akashusha mkono, akavua kofia.

"Tumesikia," akasema. Wazee wa Tai wakaitika nyuma yake. "Tumesikia."

Basi, limekwisha. Lililosemwa mbele ya pande zote mbili halirudi mdomoni.

Verna akaja na blanketi jeusi na jekundu lenye vifungo vya lulu. Lilikuwa la Ramona. Akamfunika mabegani, akamkumbatia, akapiga ukelele ambao sitausahau. Wanawake wa ukoo wakamzunguka, kila mmoja akimshika sikio, wanalia, wanacheka, wanamwita mwanetu, wanamwambia amekonda.

Lowell alikuwa ananitazama juu ya vichwa vyao.

"Fena!" akapaza sauti. "Fena, umefanya nini?"

Nikawageukia wageni.

"Mabibi na mabwana," nikasema, "kuna mkate wa kukaanga na samaki pale mezani. Karibuni."

Wakati wa kurudi melini, Lowell aliendesha boti akiwa na blanketi la mama yake begani. Mimi nilikaa mbele kabisa, uso baharini. Bi. Loretta alikuwa katikati yetu. Mvua nyembamba ilikuwa imeanza, na barafu ilikuwa inapuliza baridi yake kutoka juu.

Nikajaribu kuomba, kimoyomoyo. Maneno yalikuja yenyewe kwa mazoea: Bwana, mpe Lowell watu wake. Nikakoma. Sikuwa na ombi jingine.

"Fena," Lowell akaita nyuma. "Geuka."

Sikugeuka.

"Fena, nakuomba."

"Binti," Bi. Loretta akanigusa goti, anatabasamu, "mchumba wako anakuita. Au ndiyo ule mchezo wa paka?"

Akanitazama usoni. Tabasamu likamtoka polepole. Akavua kofia yake nyekundu, akaiweka mapajani.

"Ee Yesu," akasema. "Si mchezo."

"Bi. Loretta," Lowell akasema, sauti imekauka, "mwambie bado nampenda."

"Anasema bado—"

"Nimesikia, Bibi."

"Nimjibu nini, mwanangu? Niambie nimwambie nini."

Nilitafuta kila neno nililokuwa nalo. Yote yalikuwa ya mke. Nikabaki na moja la dada.

"Mwambie avae kofia," nikasema. "Masikio yatapata baridi."