Somo la Tapeti

Siku ya soko mjini Lushoto watu hupita kwa kusukumana mabega, na gari likizimika katikati ya wauza mapeasi na kabichi, kila mwanamume hugeuka fundi. Ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile Kombi ya rangi ya krimu ilipokohoa mara mbili na kunyamaza.

"Tia maji, mgosi! Imechemka hiyo!"

"Fungueni boneti kwanza!" wa pili akaagiza, huku akipapasa pua ya gari akitafuta pa kufungulia.

Wa tatu tayari alikuwa amefika na kopo la maji. Wakaitafuta rejeta mpaka wakachoka.

Kornelio, fundi wa gereji ya mzee Selemani, alisimama pembeni na ovaroli lake lenye viraka, akicheka hadi machozi. Mlango wa dereva ukafunguka, akashuka msichana mwenye sweta la kijani, gauni la kitenge na raba zilizochafuka matope. Akawapita wote, akaenda nyuma ya gari na kuinua kifuniko.

"Injini iko huku, kaka zangu. Na hii hainywi maji, inapozwa na upepo."

Kornelio akaacha kucheka. Tuseme ukweli tu, alimpenda palepale.

"Unajua ilipo, ila hujui inaumwa nini," alimtania.

"Na wewe unajua?"

"Waya mkuu wa kupeleka moto kwenye plagi umechomoka, ule pale. Urudishe mwenyewe, dada, nisikunyang'anye sifa."

Msichana akaurudisha, akawasha, na Kombi ikanguruma. Mwenye kopo la maji akaondoka kimyakimya.

Jina lake Jenoveva. Alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima, na kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini. Kombi aliirithi kutoka kwa mganga wa mifugo wa Kizungu aliyeiachia wilaya alipokwenda kwao, ikiwa na kitanda, kabati na jiko dogo ndani yake. Jenoveva alilala humo popote usiku ulipomkuta. Hofu yake ilikuwa moja tu, kukwama mahali pasipo na fundi.

"Basi njoo Jumamosi nikufundishe," Kornelio alimwambia. "Injini hii iliundwa na mtu mwenye huruma. Bisibisi, spana namba kumi na tatu na koleo, basi. Wenye magari mapya ndio wanaolia."

Akaja Jumamosi hiyo, na zilizofuata. Akajifunza kusafisha plagi, kufungua kabureta na kubadili mkanda wa feni. Kornelio aliitazama mikono yake, ambayo asubuhi ilishika chaki na mchana ilishika grisi bila kinyaa, akasahau alichotaka kusema.

"Mwalimu, mbona umenyamaza?" Jenoveva alimtania.

"Nakutazama, Jeni wangu."

"Tazama kabureta, mwenzangu," alisema, lakini alicheka.

Shida ilikuwa kwamba masomo yalikuwa yanaisha. Kornelio aliishia darasa la saba kwao Malindi, ile ya hukuhuku milimani, na Jenoveva alikuwa na cheti cha kidato cha nne. Akishajua kila kitu, ataingia gereji hii kutafuta nini? Wazo hilo lilimnyima raha. Basi walipofika kwenye tapeti, zile skrubu za kurekebisha nafasi ya valvu, akamdanganya.

"Hizi niachie mimi. Ni kazi ya fundi aliyebobea. Kila maili elfu tatu niletee gari."

Ukafika mwaka wa mtihani wa kusoma na kuandika, Jenoveva akawa hana nafasi ya kushuka mjini. Maili elfu tatu zikapita. Alhamisi moja simu ya gereji ikalia. Alikuwa anapiga kutoka ofisi ya tarafa.

"Jeni wangu! Umepotea mno."

"Usiniite Jeni. Tapeti ni kazi ya muda gani?"

Kornelio akajifuta grisi ya mkono kwenye ovaroli.

"Nakuuliza, fundi."

"Nusu saa," Kornelio alijibu kwa sauti ndogo.

"Dereva wa lori, mzee Abrahamu, kaniambia hivyohivyo. Kombi imeishiwa nguvu kwenye mlima wa mwisho kabla ya Mtae, na karatasi za mtihani zimo ndani. Sikuigusa, nikijua ni kazi ya waliobobea. Akina mama arobaini walinisubiri kutwa nzima. Mmoja ana miaka sitini, alivaa kanga mpya kuja kuandika jina lake, akarudi nyumbani bila kuliandika. Kwa nini, Kornelio?"

"Nilitaka uwe unarudi."

"Ungesema hivyo," alisema Jenoveva. "Ungesema tu." Akakata simu.

Kornelio hakula siku ile. Kesho yake alipanda lori la Mtae, akalala kwa wenyeji wa pale, na alfajiri, ukungu ukiwa bado umejaa bondeni, akamkuta Jenoveva akichemsha chai ndani ya Kombi.

"Umekuja kutengeneza?" aliuliza bila kumwangalia.

"Nimekuja kumaliza somo. Nisamehe. Nikishamaliza hutanihitaji tena, na iwe hivyo."

Alimwonyesha kwa mdomo tu, mikono yake akiwa ameikunja kifuani. Jenoveva alitandika gunia, akaingia chini, akafyatua kifuniko cha valvu. Tapeti hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa, na ile ilikuwa baridi kama jiwe. Akapitisha kibapa chembamba cha chuma kwenye kila nafasi, akikaza na kulegeza, mpaka kikawa kinapita kwa kukwaruza kidogo. Alipowasha, Kornelio alisikia injini imetulia vizuri kuliko alivyowahi kuitengeneza yeye, akajivuna na kuumia kwa pamoja.

"Kuna kingine ulichonificha?"

"Injini nzima inashikiliwa na boliti nne. Hicho tu. Umenimaliza."

"Asante, fundi," alisema, akaenda kuwaita akina mama wake. Kornelio akarudi Lushoto juu ya magunia ya kabichi.

Wiki sita zikapita bila simu. Habari zilishuka kwamba akina mama wa Mtae wamefanya mtihani na wengi wamefaulu. Kisha Jumatano moja Kombi ikaingia gereji. Jenoveva akashuka na gauni jipya la maua, injini akaiacha inaunguruma.

"Ina nini?" Kornelio aliuliza.

"Sikiliza."

Akainama, akasikiliza kwa makini. "Mbona haina kitu?"

"Haina kitu. Tapeti nimepima mwenyewe jana."

"Sasa umefuata nini huku?"

Jenoveva alimtazama tu, akitabasamu, mpaka mzee Selemani akapiga kelele kutoka chini ya lori: "Wewe Kornelio, hata mimi nimeelewa!"

"Baba yuko Kwai," Jenoveva alisema. "Jumapili baada ya misa atakuwa nyumbani. Tuma mshenga."

"Nimwambie aseme nini?"

"Aseme kila kitu, Kornelio. Asifiche hata kimoja."

Kornelio akavua ovaroli palepale, akaenda kumtafuta mjomba wake.