Taa Ambazo Fundi Hakuziona

Kila asubuhi fundi cherehani alijipima macho kwa njia yake mwenyewe. Alikata uzi, akautunga kwenye sindano bila miwani. Uzi ukiingia mara moja, alijiambia kwamba macho yapo, kazi iendelee. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na kwa kipimo hicho alijiona msichana.

Shida yake, alivyoona yeye, ilikuwa watu. Mumewe alikuwa amefariki. Binti yake wa pekee aliishi mbali, akipiga simu Jumapili tu. Aliyebaki ni jirani yake, mama muuza vitambaa wa chumba cha pili. Zamani jirani huyo alikuja kila asubuhi na kikombe chake cha chai, wakapiga soga mpaka wateja wafike. Sasa miezi sita ilikuwa imepita bila yeye kukanyaga pale. Hawakugombana. Alikata mguu tu.

Upweke ulimuuma fundi. Lakini alikuwa na kiburi kidogo, tusimfiche, kwa hiyo hakwenda kuuliza. Alikunywa chai yake akitazama ukuta, na cherehani ikanguruma siku nzima.

Siku moja alishikwa bega, akaruka. Mkasi ukaanguka. Kushoto kwake alisimama mwanamke kijana, mkononi ana koti jeupe lililochanika mfuko.

"Samahani, mama. Nimekupungia mkono mpaka nimechoka."

Fundi alisingizia kelele za cherehani. Mteja hakuuliza habari za masikio. Aliuliza kama huwa anajigonga kwenye milango. Fundi akaligusa bega lake la kushoto. Lilikuwa na alama ya bluu, na hakukumbuka ni ya mlango gani.

Mteja alisema kazi yake ni kupima macho, katika kliniki ya mtaa wa pili. Akamwomba afike kesho.

"Macho yangu mazima, mwanangu. Natunga uzi bila miwani."

"Sindano iko mbele yako, mama. Mimi nilikuwa ubavuni."

Fundi alikwenda. Ukweli ni kwamba hakwenda kwa ajili ya macho. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu amwambie njoo.

Kwenye kliniki aliweka kidevu juu ya mashine. Ikampulizia hewa kidogo jichoni, akashtuka, kumbe ndiyo imeshapima presha ya jicho. Mashine ya pili ilipiga picha ya ndani kabisa ya jicho, na picha ikatokea kwenye kompyuta. Mpimaji, yule mteja wake, alimwonyesha duara dogo. Alisema ule ndio mwanzo wa mshipa unaopeleka habari kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, na wake umeanza kuliwa.

Mashine ya tatu ilikuwa kama bakuli kubwa jeupe. Fundi alifunikwa jicho la kulia, akapewa kitufe. Aliambiwa atazame katikati, na kila akiona kitaa kikimulika, popote kilipo, abonyeze. Alibonyeza mara kadhaa. Kisha taa zikakoma. Alingoja, akangoja, akachoka.

"Mashine yenu imezimika," alisema.

Mpimaji aliichungulia mashine. "Haijazimika, mama. Taa zinawaka. Wewe ndiye huzioni."

Karatasi ilitoka. Ilikuwa ramani ya jicho lake la kushoto. Katikati palikuwa peupe, na pembeni, hasa upande wa kushoto, palikuwa peusi tii. Mpimaji alieleza kwamba ugonjwa huo unaitwa glakoma. Hauumi. Huanzia pembeni, hivyo mtu husoma na kutunga uzi huku anaibiwa uoni wake.

"Dawa itanirudishia?" fundi aliuliza.

"Hapana. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini yaliyobaki tunaweza kuyalinda. Leo ninakuandikia barua kwa daktari wa macho. Akikupa dawa ya matone, uitie kila siku, hata ukijiona mzima. Na binti yako apimwe, maana ugonjwa huu hutembea katika ukoo."

Fundi alilia pale kwenye kiti. Alilia kwa hofu, na kwa jambo jingine. Alikuwa ameitazama ile ramani, akakumbuka kwamba akikaa kwenye cherehani, mlango wa chumba chake uko kushoto.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa muuza vitambaa, akaiweka karatasi juu ya meza.

"Peusi hapa ndipo unaposimama ukinisalimia," alisema. "Sikuwa nakuona."

Jirani alipitisha kidole juu ya ile sehemu nyeusi.

"Nilikuwa nakupungia pale mlangoni kila asubuhi kabla ya kuingia," alisema. "Hujibu. Nikasema, mwenzangu ameota mapembe. Nami nikajifungia kwangu. Mbona hukuniuliza?"

"Na wewe mbona hukuniuliza?"

Jirani akamvutia kiti, akammiminia chai.

Daktari alitoa matone, na fundi huyatia kila siku. Baada ya miezi minne alirudi kwenye bakuli jeupe. Peusi palikuwa pale pale, hapakuongezeka. Binti yake naye amepimwa, yuko salama, na siku hizi hupiga simu hata Jumatano.

Cherehani sasa imegeuzwa, inatazama mlango. Hata hivyo jirani hapungi tena mkono. Huingia na kikombe chake, huzunguka meza, husimama mbele ya fundi kabisa, ndipo husema, "Umeamkaje, mwenzangu?"