Aya Ambayo Kalunde Hakuisoma

Kila jioni, akimaliza kuosha vyombo, Kalunde alimsomea nyanya yake habari kutoka kwenye simu. Susu Nzula, kama wajukuu walivyomwita, alikuwa amekuja Kitengela kutoka Makueni kutibiwa uvimbe kwenye titi. Kiingereza hakukijua, kwa hivyo Kalunde alimsomea na kumtafsiria. Na kwa madoido, usiseme.

Jioni moja alikutana na habari tamu. Watafiti walikuwa wameunda protini inayotii mwangaza. Ikiingizwa ndani ya seli ya saratani, inalala tu humo. Ikimulikwa, inaamka, na ile seli inakufa.

"Yaani wanamulika tu?" Susu akauliza.

"Wanamulika tu, Susu."

"Na kisu?"

"Hakuna kisu."

Habari ilikuwa na aya moja zaidi. Kalunde aliiona, akaipita. Susu alikuwa akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje mjini, na mtoto gani angetaka kuliondoa tabasamu hilo?

Balaa ilianza Jumatatu. Rebecca, mama yake Kalunde, alikuja na habari kwamba upasuaji ungefanywa Jumatano, hospitalini Kajiado. Susu akakunja mikono.

"Mimi siendi kukatwakatwa. Nitangoja ile ya taa. Kalunde amenisomea."

Rebecca alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Wapi. Susu akishasema, amesema.

"Mama, daktari amesema uvimbe bado ni mdogo," Rebecca alisema. "Tukikawia utasambaa, na hata upasuaji hautakusaidia."

Kalunde alisikia yote akiwa jikoni. Akisema ukweli, Susu angejua kwamba msomaji wake ni mwongo. Aliliogopa hilo sana, lakini aliogopa zaidi kumpoteza. Akachukua simu, akaketi karibu naye.

"Susu, kuna mahali niliruka. Wacha nikusomee."

Akasoma polepole, bila madoido. Protini hizo zilikuwa zimejaribiwa kwa seli za maabara na panya pekee. Hakuna mgonjwa aliyekuwa ametibiwa nazo. Utafiti ungeendelea kwa miaka mingi, na huenda usifaulu.

Susu akauliza, "Uliruka kwa nini?"

"Ulikuwa umefurahi," Kalunde akasema, machozi yakimtoka. "Nilitaka ukae hivyo."

Susu akamvuta kifuani, akampangusa pua kwa ncha ya leso.

"Wewe mtoto, ungenizika nikicheka," akasema. Kisha akageuka. "Rebecca, hiyo Jumatano tunatoka saa ngapi?"

Upasuaji ulienda vizuri. Kalunde alipoenda kumwona wodini, alimkuta Susu ameegemea mito, akilalamikia chai isiyo na sukari. Alimshika mjukuu wake mkono.

"Hao watafiti waendelee, Mungu awasaidie," alisema. "Lakini mimi niko na ugonjwa leo, na dawa ya leo ndiyo iliyonifaa. Kutoka sasa unisomee yote, hata yale mabaya. Ukinipa nusu ya habari, nitaamua kwa hiyo nusu. Ikiwa ni ya kulia, tutalia pamoja, halafu twende hospitali."