Jina la Nyanya, Kazi ya Adoyo

Phares Otiende alikuwa karani wa reli. Yeye na jamaa yake walikaa Mbotela, Nairobi. Mwaka wa 1979 binti yake Adoyo alimaliza kidato cha nne.

Adoyo alipewa jina la marehemu nyanya yake, mkunga aliyesifika sana kwao. Kwa hiyo tangu akinyonya, watu walimwita nesi. Hakuna aliyemwuliza kama anautaka unesi. Nani humwuliza mtoto anayenyonya? Lakini sasa alikuwa msichana mzima, na bado hakuna aliyemwuliza.

Jioni moja alikuwa akitengeneza pasi ya umeme ya jirani. Baba yake akaingia.

"Weka chini hiyo pasi. Jumatatu unaenda mahojiano ya unesi."

"Baba, mimi napenda umeme."

"Umeme ni kazi ya wanaume. Wewe una jina la mkunga."

Adoyo alihuzunika. Akikubali, atafanya kazi asiyoipenda mpaka uzeeni. Akikataa, atamvunja baba yake moyo.

Mama yake alimwendea jirani yao Rispa, nesi wa miaka mingi.

"Aje wodini aone," Rispa alisema. "Vijana huchagua kazi kwa kutazama sare. Afadhali watazame kazi yenyewe."

Adoyo alienda. Alitandika vitanda na kuwalisha wagonjwa. Alifanya vizuri, lakini hakuwa na raha. Kisha akaja fundi kutengeneza chombo cha kuchemshia sindano. Adoyo alimwuliza maswali mpaka akasahau chakula cha mchana. Rispa aliona.

Jioni Rispa alikaribishwa chai kwa akina Phares.

"Baba Adoyo, binti yako ana bidii, lakini moyo wake hauko wodini. Mgonjwa humjua nesi asiyependa kazi yake."

"Na jina je?"

"Mama yako alichaguliwa ukunga na nani?"

Phares akasema, "Na nani! Baba yake alimkataza. Lakini mama alimfuata mkunga mmoja kila mahali mpaka akafundishwa."

Mama Adoyo akacheka. "Kumbe amerithi ukaidi!"

Rispa alimgeukia Adoyo. "Kupenda peke yake hakutoshi, mwanangu. Hesabu unaziweza?"

"Naziweza, shangazi. Hata fizikia."

"Vizuri. Sasa kaulize chuo cha ufundi wanataka nini, na mafundi wakimaliza huajiriwa wapi."

Jumatatu, badala ya mahojiano ya unesi, Phares mwenyewe alimpeleka chuo cha ufundi.

"Mzee, kijana wa kusomea umeme yuko wapi?" karani wa pale aliuliza.

"Ni huyu, binti yangu," Phares alijibu. "Mjaribu uone."

Walimjaribu, wakamchukua. Leo Adoyo ameajiriwa hospitalini. Taa zikizimika katika wodi ya wazazi, wakunga humwita yeye, naye huenda mbio kwa furaha.

Phares huwaambia watu kwamba mama yake angejivunia hilo. Mimi naona angejivunia hata kama Adoyo angekuwa mshonaji, mradi amechagua mwenyewe.