Ujumbe Alioufuta Aili

Kila alasiri, Aili Koskela akitoka shule, alikung'uta theluji viatuni, akateleka kahawa ya baba yake, kisha akasikiliza simu ya nyumbani. Siku moja palikuwa na ujumbe mmoja, kutoka hospitali kuu ya mji wao, Thunder Bay, Kanada.

"Bwana Koskela, nafasi yako ya upasuaji wa figo ni Alhamisi, kwa njia ya kawaida ya matundu madogo. Tujulishe kabla ya kesho saa sita mchana, la sivyo nafasi hiyo tutampa mgonjwa mwingine."

Ya kawaida? Aili alikuwa amesoma kwamba Toronto kuna roboti ya kupasulia, tena alishawatambia wenzake darasani kwamba baba yake atapasuliwa nayo. Akaufuta ujumbe.

Jioni, baba yake, Reino, hakugusa supu ya samaki.

"Hawajapiga tu?" aliuliza, mkono ubavuni. "Saratani yenyewe haisubiri. Naogopa, mwanangu."

Aili hakuwahi kumsikia akisema anaogopa. Kijiko kilimponyoka.

"Walipiga, baba. Nimefuta. Nilitaka ungoje roboti."

Reino alisukuma bakuli kando. "Kesho asubuhi tunakwenda wote. Wewe mwenyewe utamweleza daktari."

Mbele ya Daktari Beaudoin, Aili alisema yote huku akilia. Daktari hakumkemea.

"Roboti haipasui peke yake," alisema. "Daktari ndiye anayeiongoza. Kama tungekuwa tunakata uvimbe na kubakiza figo, ningempeleka baba yako Toronto, maana mikono midogo ya roboti hurahisisha kushona. Lakini uvimbe huu umeenea ndani ya figo, lazima itoke nzima. Kwa kazi hiyo njia zote mbili hutumia matundu madogo, na wagonjwa hupona karibu sawasawa. Huko angengoja miezi miwili."

"Wewe umeshafanya mara ngapi?" Aili aliuliza kwa sauti ndogo.

"Zaidi ya mia tatu. Na hilo ndilo swali la kuuliza."

Alhamisi figo ilitolewa salama. Siku ya pili Reino alijikokota ukumbini, ameegemea bega la binti yake.

"Bado umenikasirikia, baba?"

"Kunitakia kilicho bora si kosa," alisema akihema. "Kosa ni kunificha habari za mwili wangu mwenyewe. Siku nyingine ukiogopa, niambie, tuogope wote. Usinifiche tena."