Uso Uliokuwa Umeliwa na Mende

Wewe unayenisikiliza, ungefanyaje ukishuka pantoni ukute sura yako ukutani, kubwa kama mlango, titi moja nje, na wavuvi wanapita wanaisalimia?

Dorotea alikuwa anatoka Sengerema kumuuguza baba yake. Alivaa gauni la kitenge cha maua ya njano alilojishonea mwenyewe, na kapu la viazi kichwani. Mama Maige, muuza sato, akampigia makofi.

"Karibu, mama wa mbwa! Kumbe nguo unawashonea wenzio tu!"

Ukuta ulikuwa wa baa mpya. Miaka ile ya soko huria zilikuwa zikiota kila kona ya Mwanza. Ukutani mwanamke ameshika upinde, mbwa saba wanamrukia swala mwenye pembe kama matawi ya mti. Na juu ya ngazi, brashi sikioni, Masalu, yuleyule aliyemmwagia rangi ya bluu kwenye foleni ya pantoni miaka miwili nyuma, akaomba radhi mpaka akapendwa.

"Shuka!"

"Dorotea wangu! Umerudi lini?"

"Shuka, kabla sijaitikisa hiyo ngazi!"

Akashuka. Kapu likatua kwa kishindo, viazi vikabingirika.

"Nani kakuruhusu kunivua nguo barabarani?"

"Nisikilize, mpenzi. Ni picha ya Wazungu wa kale, nimenakili kwenye kalenda ya padri, mraba kwa mraba. Kufika usoni, mende wamekula. Ningeweka uso wa nani? Mkono wangu unaujua mmoja tu."

"Na titi? Nalo mende walikuelekeza?"

Mama Maige akacheka akashika kiuno.

"Wewe uza samaki!" Dorotea akamfokea.

"Huyo ni mungu wao wa kike wa uwindaji," Masalu akasema taratibu. "Kijana mwindaji alimwona akioga. Mungu akamgeuza kijana kuwa swala, mbwa wake mwenyewe wakamrarua."

Dorotea akamtazama swala. Alikuwa na macho ya Masalu, na kovu lake la juu ya jicho la kushoto.

"Kwa hiyo ulijua nitakurarua."

"Nilijua."

Akampokonya brashi, akachovya rangi ya njano, akamvisha yule mwanamke gauni mpaka magotini, pamoja na maua yake, rangi ikimchirizika mpaka kiwikoni. Hasira haikuisha.

"Miaka miwili unanisindikiza hapa. Honi ikilia, unasema rangi haijakauka, unarudi. Baba anauliza huyo mchoraji hana miguu? Mimi sikutaka kuchorwa, Masalu!"

"Ulitaka nini?"

Pantoni ikapiga honi.

"Nilitaka uvuke. Uvuke na mimi, ukae mbele ya baba, useme unanioa."